Spea ya Prado Haiingii Kwenye Harrier

Video mmeiona, maana hakuna kundi la WhatsApp ambalo halijairusha: magari matatu ya Dar kwenda Mbeya, Prado, Hilux ya 4x4 na Harrier, na hilo Harrier limeegeshwa chini ya Mlima Kitonga, tairi la nyuma kushoto limechanika ubavuni. Wengi mmecheka vituko vya pale barabarani. Mimi naomba mrudishe nyuma hadi wanapopakia mizigo, kwa sababu safari ile iliharibikia uani, gari halijawashwa.

Jamaa anainua kapeti la buti. Anatoa spea, anaiegemeza ukutani, na pale ilipokaa anatia spika ya muziki. Mwenzake anauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, mbona spea inabaki? Jibu mnalikumbuka: Prado wana spea, Hilux wana spea, sasa ya tatu ya nini? Buti linafungwa.

Ya tatu ni ya Harrier! Ringi ya Prado ina matundu sita, 6x139.7, na ya Hilux ile ni hivyo hivyo. Harrier lina matano, 5x114.3. Wangebeba spea ishirini za Prado isingeingia hata moja. Hili si la kusomea chuo. Kijana wa gereji mwenye wiki moja kazini analijua kwa kutazama tu. Tena ajabu ni kwamba Prado na Hilux ndizo zingeweza kuazimana, lakini kila moja ilibeba yake. Gari pekee lisilo na ndugu katika msafara ndilo lililoacha spea nyumbani. Wenzako njiani watakufaa kwa mafuta, kwa waya za kubusti betri, kwa mikono ya kusukuma. Kwa tairi, hesabu matundu kwanza.

Na ile spika, jamani. Tangu wanaondoka mpaka wanakwama hatukuisikia ikipigwa.

Kisha ikatoka chupa ya dawa ya kuziba pancha, na hapa wasomaji wangu wa zamani wanajua nitakakoelekea. Dawa ile ni ya tundu dogo la msumari, kwenye uso wa tairi unaokanyaga lami. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo hakuna utomvu utakaoshika pale. Tuliona povu likitoka kwenye mchaniko huku kompresa inalia. Siwalaumu wao peke yao. Viwanda ndivyo vilivyoanza mchezo huu: vinaondoa spea ili kupunguza uzito na gharama, vinakuwekea chupa na kikompresa, na mwenye gari anaamini ni kitu kilekile. Kwa barabara za mijini huko Japani, sawa. Kwa Kitonga, hapana.

Mengine waliyafanya vizuri: fyuzi, oili, mkanda wa akiba, maji, kibao cha kuweka chini ya jeki, na pembetatu zilisimamishwa mbali nyuma ya gari.

Sasa nitaambiwa naishi zamani. Niacheni niishi. Joginder Singh alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na mwaka 1965 alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Lancer. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba. Watu wa enzi hizo walijua kila kilichomo garini na kwa nini kimo. Utingo wa malori ya kwenda Zambia naye hivyo hivyo: ukimwamsha usiku wa manane, spana ya magurudumu ataifikia gizani bila kupapasa. Hawa wetu waliitafuta chini ya mabegi, mkaa na kreti la soda huku malori yakiwapita karibu. Hata spea ingekuwemo, wangeshusha nusu ya nyumba kuifikia.

Mwisho wake Prado likapanda mlima kwenda Iringa kutafuta 225/65R17, saizi ambayo maduka madogo ya njiani hayana haja ya kuiweka, na waliobaki wakaingiwa na giza pale pale. Spea nyembamba waliyoiegemeza ukutani ingewafikisha Iringa, polepole, mchana kweupe.

Wenye Harrier mnaojiandaa kwenda kula sikukuu Mbeya, inueni kapeti leo, si asubuhi ya safari. Ikiwa ni ile nyembamba, pimeni upepo: inataka psi 60, si 32 kama matairi mengine, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.