Kamera Kuukuu ya Mvukuto: Anza Kukagua Nyuma

Anayenunua kamera kuukuu ya mvukuto, ile inayotumia bapa la filamu la inchi 4 kwa 5, mara nyingi huikagua kuanzia mbele: jina la lenzi, mng'ao wa shaba, uzuri wa mbao. Aanze nyuma. Kamera hii haina fumbo ndani yake. Ni fremu mbili juu ya reli, zimeunganishwa kwa mvukuto usiopitisha mwanga. Lenzi hubadilishwa, ubao wake huchongwa upya, hata mvukuto hushonwa mwingine. Kisichosamehe ni umbali. Upande uliokwaruzwa wa kioo cha ukungu cha kulengea, unaotazama lenzi, sharti ukae pale pale itakapokaa filamu kishikio chake kikichomekwa. Viwanda vya Marekani viliweka kina hicho, kutoka uso wa kishikio, kuwa takriban inchi 0.197, yaani milimita 5. Kikipotoka, mpiga picha analenga jicho, filamu inatoa sikio.

Hapo ndipo matengenezo ya wenye kamera waliotangulia huleta madhara. Kioo kinachochukua nafasi ya kilichovunjika huwekwa kinyume, au bapa la plastiki la Fresnel la kuongeza mwanga hupachikwa kati ya kioo na lenzi bila kurekebisha chochote, na umbali hubadilika. Fresnel ikikaa upande wa mtazamaji haina neno. Pima kwa kalipa, kwanza hadi kwenye kioo, kisha hadi kwenye filamu iliyomo ndani ya kishikio, tena pembe zote nne, kwa kuwa mgongo wa kamera uliopinda huweza kuwa sahihi katikati tu.

Yuko atakayesema kwamba tundu la f/22 huficha yote hayo. Kwa hesabu ana haki: kosa la milimita 1 hutawanya nukta kwa takriban milimita 0.18 katika f/5.6, ila 0.05 tu katika f/22. Lakini tundu dogo ulilihitaji ili mawe ya karibu na mlima wa mbali vyote viwe vikali. Ukilitumia kufidia mgongo mbovu, umelipa deni la fundi mwingine. Na picha ya sura katika f/5.6 haina pa kujificha. Mwingine atasema lenzi ndiyo picha. Kwa kamera ndogo, ndiyo. Filamu ya inchi 4 kwa 5 huongezwa mara 4 tu kufikia inchi 16 kwa 20, ilhali filamu ya milimita 35 huhitaji kuongezwa karibu mara 17. Ndiyo maana lenzi ya kawaida ya mtindo wa Tessar, uliobuniwa mwaka 1902, bado inatosha.

Calumet CC-400 ya Chicago, iliyorithi umbo la Kodak Master View, ni mfano mzuri wa kamera ya bei nafuu: ya chuma, ya kijivu, haivutii macho. Kaza skrubu zote, kisha sukuma fremu ya mbele kwa kidole. Ikicheza, viungo vimechoka. Ingiza tochi ndani ya mvukuto gizani na uangalie kona za mikunjo, ambako matundu huanzia. Ubao wa lenzi unaweza kuukata kwa plaiwudi na kuupaka rangi nyeusi isiyong'aa. Shata namba 0 inataka tundu la milimita 34.6, namba 1 milimita 41.6.

Mipaka ya CC-400 iko kwenye mvukuto wa inchi 16, takriban milimita 406. Lenzi ya milimita 150 hupiga kitu kwa ukubwa wake halisi bila shida, kwani huhitaji milimita 300. Ya 210 inataka 420, hivyo inakosa kidogo. Lenzi pana ya milimita 90 hubana mvukuto mpaka fremu zigome kuinama, na kwa kazi hiyo ilitengenezwa CC-402 yenye mvukuto mfupi. Basi mvukuto uliotoboka uwe sababu ya kuomba bei ipunguzwe. Mgongo ukiwa umepinda, iache kamera hapo hapo, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.