Mwito na Mwitikio: Uhakiki wa Mfuatano wa Miito katika Programu

Programu ya kompyuta huandikwa ili iendeshwe, lakini pia ni matini isomwayo. Katika programu zilizojengwa kwa mkabala wa vitu, kila kitu huwa na taarifa zake pamoja na fankisheni zake, yaani vifungu vya amri vyenye majina. Kitu kimoja huita fankisheni ya kingine, kisha husubiri jibu. Mfululizo huo aghalabu hulinganishwa na mnyororo. Ulinganisho huo hautoshi.

Kwanza, mnyororo huelekea upande mmoja, ilhali mwito hurejea: fankisheni iliyoitwa mwisho ndiyo hujibu kwanza. Pili, jina moja laweza kuitikiwa kwa namna mbalimbali, kulingana na kitu kilichoitwa. Hivyo, anayesoma mistari ya matini pekee hawezi daima kujua ni kipi kitakachoitika. Hana budi kuifuatilia programu ikiendeshwa. Ni tofauti ileile wanayoibainisha wahakiki wa riwaya baina ya mpangilio wa usimulizi na mpangilio wa matukio.

Uzito wa jambo hili wadhihirika Butembo na Beni. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika pia Ituri na Kivu Kusini, ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Kila aliyekaribiana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Tuseme ipo programu ya kutunza orodha hiyo. Kitu "Mgonjwa" huitwa "funga" mtu anapopona au kufariki. Kitu "Mfuatiliwa" huitwa "funga" siku 21 zinapotimia. Jina ni moja, maana ni mbili. Iwapo "funga" ya mgonjwa itaita "funga" ya kila mfuatiliwa wake, majina yatatoweka katika orodha ya kutembelewa kabla ya wakati. Kila fankisheni ikipimwa peke yake itaonekana sahihi. Kosa limo katika mfuatano.

Mchoro wa mfuatano wa UML, lugha ya michoro iliyoidhinishwa mwaka 1997, una ubora wa kuonyesha mishale ya kwenda na ya kurudi. Hata hivyo, mchoro huo hueleza kusudio la mwandishi, si lazima yaliyotendeka. Mchambuzi makini huvilinganisha viwili hivyo.

Kwa mintarafu hiyo, "mwito na mwitikio", dhana iliyozoeleka katika nyimbo, inafaa kuliko "mnyororo". Humkumbusha msomaji kuuliza si nani ameita tu, bali nani ameitika, na lini.