Dau la Farasi wa Mbali: Fedha Huingia Chungu Gani?

Tuseme mkazi wa Kamembe, nchini Rwanda, anamwekea dau farasi anayekimbia Paris. Anashindana na nani? Kuna majibu mawili.

Kwenye odi zisizobadilika, anashindana na kampuni: akishinda, inamlipa kwa fedha zake. Kwenye mfumo wa chungu, uliobuniwa na Joseph Oller mjini Paris miaka ya 1860, wachezaji hushindana wenyewe kwa wenyewe. Ufaransa iliuhalalisha viwanjani mwaka 1891, na 1930 ikaruhusu madau nje ya viwanja. Ndiko ilikotoka PMU, kampuni ya Ufaransa ya madau ya farasi.

Hesabu yake ni hii. Tiketi 2,000 za faranga 500 zinajaza chungu cha 1,000,000. Mwendeshaji anakata, kwa mfano, asilimia 25, zinabaki 750,000. Waliomchagua mshindi wakiwa 300, kila mmoja anapata 2,500. Mwendeshaji hajali farasi yupi ametangulia, kwani fungu lake ni lile lile.

Hatari basi haipo kwenye odi, ipo kwenye saa. Tiketi zote, popote zilipouzwa, lazima zifike kwenye chungu na kufungwa kabla ya mbio kuanza. Marekani ililijua hilo mwaka 2002, kwenye mbio za farasi za Breeders' Cup. Katika dau la kutabiri washindi wa mbio sita, maelezo ya tiketi yalibaki kwenye kompyuta za mbali hadi mbio nne zilipomalizika. Mtaalamu wa kampuni ya mitambo ya madau akabadilisha tiketi ya mwenzake baada ya kujua washindi. Dau hilo lilistahili zaidi ya dola milioni 3, ila walinaswa kabla ya kulipwa.

Nchini Rwanda, michezo ya kubahatisha ilipata sheria yake mwishoni mwa 2011, na sasa inasimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Mwaka 2025 kodi kwenye mapato ya michezo ya mwendeshaji ilipandishwa kutoka asilimia 13 hadi 40, na ya ushindi kutoka 15 hadi 25. Kwa mfano wetu, serikali inachukua 100,000 kwenye fungu la mwendeshaji. Mshindi, aliyepata faida ya 2,000, anakatwa 500.

Kodi hizo zinakusanya fedha, lakini hazilindi chungu. Kinachokilinda ni leseni na saa ya kufunga madau inayoweza kukaguliwa. Leseni ya Rwanda nayo haivuki daraja la Rusizi kwenda Bukavu, nchini Kongo. Kabla ya kutoa dau, dai kuona leseni na saa hiyo, vyote viwili.