Sanamu ya Askari na Wapagazi Wasio na Majina

Kila mnara uliosimamishwa mahali pa watu wote ni hotuba. Tofauti yake na hotuba ya mkutano wa hadhara ni kwamba hiyo haimaliziki, na msemaji wake hayupo tena kuulizwa maswali. Kwa hiyo basi, tunapojadili kama masanamu yaliyoachwa na wakoloni yabaki katika miji yetu au yaondolewe, hapana budi tuulize kwanza: nani aliyetoa hotuba hiyo, kwa maslahi ya nani, na nani aliyenyimwa nafasi ya kusema? Bila ya maswali hayo mjadala hugeuka ugomvi wa ladha. Huyu anaipenda shaba na yule haipendi, na jambo lenyewe linabaki pale pale.

Makala hii inachukua mfano mmoja unaojulikana na kila aliyefika katikati ya Dar es Salaam, yaani Sanamu ya Askari iliyoko Barabara ya Samora. Wakati wa Waingereza barabara hiyo iliitwa Acacia. Baada ya Uhuru ikaitwa Independence, na baadaye ikapewa jina la Ndugu Samora Machel, aliyefariki mwaka 1986. Majina ya barabara yamefuata historia ya ukombozi wetu. Sanamu imebaki vile vile tangu mwaka 1927. Je, maana yake nayo imebaki vile vile?

MABEBERU WENYEWE WALIONDOA MASANAMU

Wako wanaosema kwamba sanamu ni historia, na historia haiguswi. Hoja hii ina sura ya heshima, lakini waliotutawala hawakuifuata hata siku moja.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyo ndiye aliyeongoza majeshi yaliyovunja upinzani wa watu wa pwani, upinzani ambao kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Baadaye Wissmann akawa gavana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 hawakusema kwamba historia isiguswe. Waliing'oa sanamu ile, ikapelekwa London kama nyara ya vita, kisha wakawarudishia Wajerumani, nao wakaisimamisha mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Huko ilisimama hadi wanafunzi wa chuo hicho walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, nao wakaiangusha tena mwaka 1968. Haikusimamishwa tena mahali pake.

Tuone mafunzo yaliyomo. Sanamu moja iling'olewa na beberu mmoja kwa sababu ilimsifu beberu mwingine. Sanamu hiyo hiyo ikaangushwa na vijana wa Ujerumani kwa sababu walikataa kusoma chini ya kivuli cha mtu aliyevamia nchi za watu. Mwaka ule wa 1967 ndio sisi tulitangaza Azimio la Arusha. Hapa Dar es Salaam na kule Hamburg watu walikuwa wanauliza swali moja: nani mwenye haki ya kusimama juu ya wenzake? Ni dhahiri basi kwamba kuondoa sanamu si kufuta historia. Mara nyingi ni sehemu ya historia yenyewe.

BWANA ALIYEJIFICHA

Hata hivyo itakuwa ni uvivu wa fikra kusema kwamba masanamu yote ya kikoloni ni mamoja. Mhakiki hana budi kutazama kazi yenyewe.

Katika sanamu ya Wajerumani Wissmann amesimama juu. Chini yake yuko askari wa Kiafrika anayemtazama kwa unyenyekevu, huku akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Ujumbe huo haukuhitaji mkalimani. Bwana yuko juu, mtumwa yuko chini, na nchi ni mzoga miguuni pao. Ni ubeberu usio na haya.

Sanamu iliyofuata ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo ni ya werevu zaidi. Juu ya jiwe yuko Mwafrika mmoja, peke yake, ameshika bunduki yenye singe mbele, ameielekeza upande wa bandarini. Hakuna gavana wala ofisa Mzungu. Mpita njia anaweza kudhani kwamba hapa Mwafrika ametukuzwa. Lakini bwana hakuondoka. Alichofanya ni kujificha katika maandishi yaliyo chini. Maandishi hayo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanawaambia wasomaji kwamba watu hawa walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao.

Mfalme yupi? Na nchi ya nani? Vita vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa hapa kati ya mataifa mawili ya kibeberu yaliyogombania nani awe mnyonyaji wetu. Vilipokwisha, Tanganyika haikurudishwa kwa wenyewe, ilikabidhiwa Waingereza. Mkulima aliyevishwa sare akatoka hai alirudi nyumbani akakuta bendera imebadilika na kodi iko pale pale. Askari yule wa shaba anatetea nyumba ambayo ndani yake hana chumba. Huo ndio uongo wa sanamu hii, na hauko katika umbo la askari bali katika maneno aliyowekewa miguuni.

NANI HAYUMO JUU YA JIWE

Liko jambo jingine zito zaidi. Vita vile havikubebwa na askari pekee. Katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara zilikuwa chache, kila risasi na kila kibaba cha unga kilisafiri juu ya kichwa cha binadamu. Majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwa upande wao. Mpagazi alibeba kilo 25 au zaidi, akatembea miezi mingi kwa chakula kibovu na mavazi haba. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwaua wengi kuliko risasi. Kwa wale wa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wanahistoria ya vifo hukaribia 100,000, na baadhi huyazidi. Huko nyuma, vijiji vilivyonyang'anywa nguvu kazi, nafaka na mifugo vilibaki na njaa. Wazee wa Ugogo waliiita njaa ya miaka ile Mtunya.

Mpagazi huyu yuko wapi katika mnara wa Dar es Salaam? Maandishi yanamtaja, yakimwita mikono na miguu ya jeshi. Lakini juu ya jiwe hayupo. Katika mnara wa Nairobi, ambao ni wa mchongaji huyo huyo, mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba sanaa ya wakati ule haikujua kumchonga. Hapa kwetu aliyepewa kusimama ni mwenye bunduki, na mvuja jasho akabaki neno kwenye kitako. Sifa ya mikono na miguu nayo tuipime: kiungo hakina jina, hakina mshahara, na hakiulizwi inakokwenda safari.

Hili la jina ndilo kiini cha mambo. Minara hii ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ilisimamishwa na tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita. Tume hiyo hiyo ilimpa askari Mzungu aliyekufa katika ardhi yetu kaburi lake na jiwe lenye jina lake, au jina lake kwenye ukuta wa kumbukumbu. Kwa Waafrika waliona yatosha sanamu moja kwa wote. Sanamu haikuongezwa juu ya majina; ililetwa mahali pa majina. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Zaidi ya miaka mia moja ilipita. Wajane walioachwa bila ya taarifa, na mara nyingi bila ya hata ujira wa marehemu, walikwisha kufa zamani.

MNARA WALIOUJENGA WANANCHI

Lakini umma hausubiri tume. Waingereza walipoingia Dar es Salaam waliweka kambi ya wapagazi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wananchi walilitia jina hilo ulimini mwao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor kwa asili hiyo hiyo. Kila siku maelfu ya watu hupanda gari la Kariakoo, hununua mchele Kariakoo, hubeba mizigo Kariakoo, pasipo kujua kwamba wanawataja marehemu. Mnara wa beberu ulimpandisha askari na kumwacha mpagazi chini. Ulimi wa makabwela ukampa mpagazi mtaa mzima.

Hata hivyo tusijidanganye. Jina ambalo maana yake imesahauliwa ni kumbukumbu iliyolala. Mtoto wa shule anayepita Barabara ya Samora asome kwamba babu zake walikufa kwa mfalme wao, kisha afike Kariakoo asiambiwe lolote, atakuwa amefundishwa na mkoloni peke yake.

IBAKI AU IONDOKE?

Msimamo wa makala hii ni kwamba Sanamu ya Askari ibaki, ila isiachwe iseme peke yake. Ya Wissmann ilistahili kuondoka, kwa sababu ilimtukuza mvamizi mbele ya watoto wa wale aliowaua. Ya Askari inamwonyesha mtu aliyetumiwa. Kumbomoa yeye ni kumwadhibu mara ya pili, huku aliyemtuma akiwa salama katika vitabu vyake. Isitoshe, ubomoaji ni ushindi wa rahisi. Unamalizika kwa siku moja, na majina yale hayatakuwa yamepatikana hata moja.

Wala uamuzi wa mambo haya usiwe wa mtu mmoja mezani. Kinshasa, sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili iliondolewa mwaka 1967 kwa amri ya Mobutu. Mwaka 2005 ikarudishwa kwa amri nyingine, na ikang'olewa tena baada ya saa chache. Mara zote hizo wananchi walikuwa watazamaji. Pasipo na mjadala wa umma, kusimamisha na kung'oa vyote ni maonyesho.

Yanayotakiwa ni mambo matatu. Kwanza, kando ya sanamu pawepo maelezo ya Kiswahili chepesi yanayosema nani aliijenga, lini, kwa nini, na nani aliachwa nje. Pili, Kariakoo ipate kumbukumbu ya wapagazi, na kumbukumbu hiyo iwe ya majina kabla ya kuwa ya shaba. Tatu, matawi, walimu wa historia na Makumbusho ya Taifa wayatafute majina hayo vijijini, katika ukoo ambamo bado husimuliwa kwamba fulani alichukuliwa kubeba mizigo asirudi. Walioshuhudia hawapo tena, na waliosimuliwa nao sasa ni wazee sana. Kila msiba katika kizazi hiki unaondoka na majina ambayo hakuna ofisi yoyote duniani iliyoyaandika.

Mwisho, kipimo hiki tusiwawekee wakoloni peke yao. Kila tunaposimamisha mnara wetu wenyewe, tujiulize swali lile lile: aliyebeba mzigo yuko wapi, na jina lake nani?