Rangi za Ukingo

Katika karakana zinazohudumia migodi ya Lualaba, nchini Kongo, uchaguzi kati ya kukata bamba kwa leza na kukata kwa maji umekuwa hesabu ya bei ya mita moja. Hesabu hiyo leza huishinda mapema. Kwenye bati la milimita tatu hukimbia kwa kasi ambayo maji hayaifikii, na kwa vifuniko, vizuizi vya mashine na masanduku ya nyaya sioni sababu ya kutafuta kingine. Ubishi wangu uko kwenye mabamba mazito. Chuma kigumu kinachotandikwa ndani ya mifereji ya kumwagia mawe kilipewa ugumu wake kwa kuchomwa na kupozwa ghafla. Kukipasha tena kupita nyuzi 250 hivi ni kukinyang'anya kile kilicholipiwa. Leza huunguza utepe mwembamba tu, na bamba kubwa halidhuriki. Lakini kata kipande kidogo chenye matundu ya bolti yaliyokaribiana: joto hukosa pa kukimbilia, kipande kizima kinaweza kulainika, na kwa macho bado ni kilekile. Maji yanayosukumwa kwa mgandamizo wa bar 4,000 hivi, yakibeba mchanga wa ganeti, hula chuma bila kukipika.

Mafundi wa zamani waliokata kwa gesi walilijua jambo hili bila mashine yoyote ya kupimia. Chuma kilichosuguliwa kikaonyesha weupe wake hubadilika rangi kadiri joto linavyokitambalia: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, halafu buluu inapokaribia nyuzi 300. Fundi aliyeiona buluu imeingia mbali alijua ni sehemu gani ya kusaga na kutupa, na wapi angeacha posho ya milimita kadhaa tangu mwanzo. Huo ulikuwa usomaji kamili, wenye herufi zake.

Watasema maji ni ghali. Ni kweli: ni ya polepole, ganeti husafirishwa kutoka mbali, tope lake lina gharama, na mkato huinama kidogo kichwa cha mashine kisiporekebishwa. Umeme wa Kolwezi ukikatika, mashine zote mbili husimama. Hoja nzito zaidi ni kwamba ukingo wa chuma cha pua utachomelewa hata hivyo, basi ubaridi wa maji una faida gani? Kwa ukingo wa kuchomelewa, faida ni ndogo, nakubali. Ila kwenye mitambo ya tindikali kama ile ya shaba ya Luilu, kiungo kilichochomelewa husafishwa rangi ya joto ili kutu isipate mlango. Tundu la bolti lililounguzwa ni rahisi kusahaulika. Shaba yenyewe, ajabu ya nchi hii, huirudisha miale ya leza za zamani hadi kuhatarisha mashine. Leza za nyuzi za kioo zimepunguza tatizo hilo, hazijalimaliza.

Katanga, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilimegwa kutoka kwake, ina ukoo mrefu wa watu waliojua joto. Wayeyushaji walioitwa walaji wa shaba walikuwa na tanuru za udongo, makaa na mivukuto, na misalaba ya shaba ya enzi hizo ilitumika kama fedha na mahari; mitatu ikawekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Baadaye ujuzi ukahamia karakana za kampuni ya madini ya Union Minière, kisha mrithi wake Gécamines, ambako kijana alijifunza pembeni ya mzee. Uzalishaji uliozidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 uliporomoka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi. Pamoja nao yaliondoka macho yaliyosoma rangi. Mashine zilizokuja baadaye ni bora, lakini mchoro huingia ndani yake ukiwa na vipimo vyote na bila neno moja juu ya mawe au tindikali. Bamba likiisha kabla ya wakati, huagizwa jingine, na hakuna anayepima ukingo wa lile lililotupwa kujua ulainifu ulianzia wapi.