Bandhani: fundo kwanza, rangi baadaye

Mtandio wa bandhani, uvaliwao Gujarat na Rajasthan magharibi mwa India, hautiwi nakshi kwa brashi wala kwa muhuri. Kila kitone juu yake ni mahali ambapo rangi ilizuiwa isifike. Wenyewe huuita odhani, na miongoni mwa mafundi wake mashuhuri ni Wakhatri wa Kutch, wilaya ya bandari ya Mandvi, iliyofanya biashara na Zanzibar kwa majahazi.

Kazi huanza kwa kukunja. Kitambaa chembamba cha pamba au hariri hukunjwa tabaka nne, fundo moja likazaa vitone vinne. Ndiyo maana ukiukunjua mtandio, ua la pembe hii lina pacha wake pembe ile. Mchoro huwekwa juu kwa rangi ya udongo mwekundu, ambayo baadaye huoshwa ikatoka yote.

Kisha kufunga, na hapa ndipo penye kazi. Wafungaji wengi ni wanawake, kila mmoja nyumbani kwake. Hufuga ukucha wa kidole cha mwisho, au huvaa pete yenye ncha. Ncha hiyo husukuma kitambaa kutoka chini, kikachomoza kiasi cha punje ya mtama; mfungaji hukizungushia uzi, hukaza, kisha huhamia kitone kingine bila kukata uzi. Fundo likilegea, rangi hupenya na kitone kimekwenda. Mtandio wa harusi uliofumwa miraba kwa nyuzi za dhahabu, gharchola, huwa na mafundo maelfu kwa maelfu, na kazi yake huchukua miezi.

Rangi hufuata mpangilio mmoja: nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Vitone vitakavyobaki vyeupe hufungwa kitambaa kikiwa cheupe, kisha kikachovywa manjano. Vitakavyobaki vya manjano hufungwa, kikachovywa nyekundu. Akitaka nyeusi, fundi hufunga tena. Hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo picha nzima lazima awe nayo kichwani kabla ya fundo la kwanza. Kwangu mimi, ufundi wa bandhani uko hapa kuliko kwenye vidole.

Mwisho mtandio huvutwa kwa pembe mbili zinazokabiliana, na mafundo hufyatuka mfululizo. Wauzaji wengine huuacha umefungwa ili mnunuzi aone mwenyewe kwamba ni kazi ya mkono.

Mikunjo midogo inayobaki ina faida mwilini. Hariri laini huteleza kichwani; yenye mikunjo hushika nywele na kukaa. Mvao wa Kigujarati huitegemea sana sifa hiyo: ncha moja huchomekwa kiunoni, kitambaa kikapita mgongoni, kikafunika kichwa, na ncha ya pili ikashuka mbele juu ya bega la kulia, pindo lenye nakshi likionekana lote. Kwa shalwar kameez, vazi la suruali na kanzu, ni rahisi zaidi: katikati huangukia kifuani, ncha mbili hutupwa nyuma ya mabega.

Madukani imejaa mitandio iliyopigwa chapa kiwandani kwa mfano huu. Si vibaya, ni nafuu, lakini isiuzwe kwa bei ya bandhani. Ipapase: ya kiwandani ni bapa na vitone vyake vyote sawasawa, ya mkono ina vijinundu, na kila kitone kina umbo lake. Ukiipata ya kweli, usiipige pasi.