Pongezi kwa Wanaoimba Bila Maikrofoni

Kabla ya mwaka 1925, waimbaji wa Marekani walirekodi wakiwa wamebanana mbele ya pembe kubwa. Nguvu ya sauti zao ndiyo iliyotikisa sindano ikachora kwenye nta. Hivyo ndivyo wanaume wanne wa Fisk Jubilee Singers, kikundi cha waimbaji cha Chuo Kikuu cha Fisk, walivyorekodi mwaka 1909. Mwenye besi hafifu hakusikika, basi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, maikrofoni ilikwishaingia studioni.

Kwaya za Sengerema, Tanzania, umeme ukikatika, bado huifanya kazi ile ngumu ya kusikika bila maikrofoni: sauti ya kwanza hadi ya nne, kila moja ikiisikiliza nyingine. Walimu wa kwaya, hongereni sana. Spika zenu (mie sizipendi, zinavuma mno) zipumzisheni walau Jumapili moja.